Kuni Zenye Maji, na Funzo la Kimisagara

Hotuba ya walimu, iliyosomwa mbele ya Kamati ya Wakimbizi, wageni na wakazi wa kambi katika sherehe za Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Kamati ilituomba sisi walimu tuseme maneno machache juu ya mazingira. Neno hilo limekwisha kusemwa mara nyingi katika uwanja huu, na kila linaposemwa tunaambiwa tupande miti. Miti tumepanda, na tutaendelea kuipanda. Lakini leo tunapenda kusema juu ya kuni zenyewe, zile zinazoshushwa na lori nyuma ya jiko la shule, kwa sababu mkataba wa kuni hizo utafanywa upya mwezi wa Septemba na Kamati imeitwa kutoa maoni yake. Tungependa Kamati iende na maoni yenye hesabu.

Tuanze na jambo ambalo wapishi wetu wanalijua kuliko sisi. Tangu mwaka 2021 serikali ya Rwanda ilipopanua mpango wa chakula cha shuleni, kila mwanafunzi, wa kambi na wa kijijini, anapaswa kula mchana shuleni. Ni jambo jema sana, na tunalishukuru. Lakini maharagwe ya watoto wengi namna ile hayaivi kwa shukrani. Wapishi huamka saa kumi alfajiri. Kuni zikiwa mbichi, moto unalialia, povu linatoka kwenye ncha za magogo, moshi unajaa jikoni hadi mama zetu wanapika wakiwa wameinama chini kutafuta hewa. Chakula kilichotakiwa saa sita kinafika saa nane. Na kuni zilizopangwa kutosha muhula mzima zinakwisha kabla ya mitihani.

Zikiisha, mnajua nani hutumwa. Tazameni rejista zetu za darasa. Katika wiki ambazo kuni zimekosekana, alama za kutofika shuleni huwa nyingi zaidi upande wa wasichana. Wamekwenda mlimani. Nyumbani nako ni vivyo hivyo, hasa tangu mwaka ule ule wa 2021 posho ya fedha ilipopunguzwa: familia iliyokuwa inanunua mkaa kidogo ikarudi kwenye kuni za kuokota. Majirani mko hapa, hatuwezi kuficha kwamba mikaratusi yenu imekatwa, na kwamba ugomvi umetokea. Hatuwezi pia kunyamaza juu ya yale ambayo binti zetu wamekutana nayo katika njia zile. Wazazi wanaelewa tunasema nini.

Basi swali letu kwa Kamati ni hili: lori likishusha kuni, tumenunua nini?

Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake. Si maji ya mvua, ni maji yaliyomo ndani ya mti wenyewe. Mkiletewa kilo 100 za kuni za namna hiyo, mmepokea kilo 50 za mti na kilo 50 za maji. Kuni zilizokaushwa vizuri hubaki na maji sehemu moja tu katika tano. Katika kilo 100 za kuni hizo mna kilo 80 za mti na kilo 20 za maji. Bei kwa kilo ni ile ile, mizani ni ile ile, na dereva ni yule yule. Lakini mmoja amewauzia kilo 80 na mwingine kilo 50.

Hesabu haiishi hapo. Yale maji hayakai kimya motoni. Lazima yachemshwe kwanza na kugeuzwa mvuke, na joto la kazi hiyo linatoka katika mti ule ule mlionunua ili uivishe maharagwe. Wataalamu wakipima, kilo moja ya kuni zilizo nusu maji hutoa joto kama megajuli 8, na kilo moja ya kuni kavu, za sehemu moja katika tano, hutoa zaidi kidogo ya 14. Karibu mara mbili. Juu ya hayo moto wenye maji haufiki ukali wake, nao huacha sehemu ya kuni ipae kama moshi kabla haijaungua. Ule moshi unaowaumiza mama zetu macho na kifua ni kuni zetu zinazotoka dirishani.

Tulifanya jaribio na wanafunzi wa darasa la sita. Tulichukua gogo moja la mkaratusi mbichi, ule ambao wenyeji wetu wanauita inturusu, tukalikata sehemu mbili zenye uzito sawa. Sehemu moja tuliiacha ilivyo. Nyingine tuliipasua kwa panga na shoka ikawa vibanzi vya ukubwa wa sanduku la kiberiti, tukavitandaza juu ya mkeka wa matete chini ya paa la bati. Kila Ijumaa watoto walipima na kuandika. Vibanzi viliacha kupungua uzito kabla ya wiki ya tatu. Gogo lilikuwa bado linapungua muhula ulipofungwa. Sababu yake mtoto yeyote wa darasa lile atawaambia: maji hutoka mtini kupitia pale palipokatwa, na gogo limekatwa kidogo mno na limefunikwa magome.

Tunasema vibanzi, na tunajua kuna watakaocheka, kwa sababu huko Nairobi neno hilo ni viazi vya kukaanga. Sisi tunasema vya mti. Katika nchi za baridi vibanzi hivi ni biashara kubwa. Huko nyumba haziwezi kukaliwa wakati wa baridi bila kupashwa moto, nao huwa na boila, yaani pipa kubwa la chuma lenye tanuri, linalochemsha maji na kuyasukuma katika mabomba yanayopita kila chumba. Vibanzi humwagwa ghalani, kisha parafujo kubwa inayozunguka huvisogeza kidogo kidogo hadi motoni, na feni hupuliza hewa. Hakuna mtu anayebeba gogo.

Kilichotuvutia zaidi si mashine, ni mkataba. Nchini Ufini, tangu miaka ya 1990, wakulima wenye misitu waliungana katika vikundi na vyama vya ushirika vidogo, wakachukua kazi ya kupasha moto shule na majengo ya halmashauri zao. Hukata vibanzi kutoka miti myembamba inayopunguzwa msituni, matawi na vilele. Katika mikataba ya namna hiyo halmashauri haiwalipi kwa lori, wala kwa kilo. Huwalipa kwa joto, lililopimwa na mita pale linapotoka katika boila. Mkulima akileta vibanzi vyenye maji, hasara ni yake mwenyewe, wala si ya shule. Kwa hiyo hukausha bila kuhimizwa na mtu.

Sasa mtatuambia: walimu, Ufini ni mbali, na boila hatuna. Ni kweli. Ndiyo maana tunataka kuwapeleka Kimisagara, ambako nauli ya basi inatosha.

Wengi mnapafahamu. Ukishuka kituo cha Nyabugogo mjini Kigali, Kimisagara ni ule mlima wa nyumba zilizobanana unaopanda mbele yako, na katikati yake unashuka mfereji wa Mpazi unaomwaga maji yake Nyabugogo. Baadhi ya ndugu zetu wakimbizi wa mjini wanaishi huko, na ndiko tulikopata malazi tulipoitwa kwenye semina. Mvua ikinyesha Mpazi hufurika, na zamani ulibeba kila kitu: maganda ya ndizi, majani, mabaki ya chakula, matambara. Magari ya taka hayakuweza kuingia katika vichochoro vile.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akina mama wa mtaa ule walijikusanya. Chama chao baadaye kilijulikana kama ushirika wa COOCEN. Walipita nyumba hadi nyumba wakichukua taka kwa ada ndogo, wakazichambua kwa mikono, wakatenga zile zinazooza na kukauka, wakazianika juani, wakazisaga na kuzishindilia kuwa vitofali vya kuchoma, vile tunavyoviita briketi. Wateja wao hawakuwa akina mama wa jirani. Walikuwa wale wenye matanuri makubwa, kama vile magereza, ambako sufuria moja hulisha watu wengi kuliko mtaa mzima. Taka iliyokuwa inaziba Mpazi ikachukua mahali pa lori la mikaratusi.

Jioni moja tulikaa na mama mmoja wa makamo ambaye aliwahi kuifanya kazi ya kuchambua taka katika mtaa ule. Tulimwuliza mashine ilikuwa ya namna gani, maana sisi wanaume hupenda kuuliza mashine kwanza. Akasema mashine si neno; kazi yao ilikuwa jua. Taka ya Kigali ni maji matupu, akasema, na mwezi wa Aprili unaweza kugeuza lundo lile lile siku kumi nalo halijakauka. Akasema tena kwamba plastiki ilikuwa adui yao, kwani kipande kimoja ndani ya briketi hutoa moshi wa sumu jikoni. Hilo lilipungua baada ya Rwanda kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008.

Tukitazama mambo hayo tuliona vitu viwili vilivyowasaidia akina mama wale, na hatukuona cha tatu chenye uzito kama hivyo. Walilipwa kwa kuichukua mali ghafi, badala ya kuinunua. Na walikuwa na mteja mkubwa anayepika kila siku ya Mungu, asiyeweza kusema leo sinunui. Magereza ya Rwanda yenyewe yamekuwa shule katika jambo hili. Taasisi ya KIST ya Kigali ilijenga huko mitambo ya gesi inayotokana na vyoo vya wafungwa. Wa kwanza ulianza kazi katika gereza la Cyangugu mwaka 2001, na mwaka 2005 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ashden huko Uingereza, kwa kuwa ilipunguza kuni za magereza yale kiasi cha nusu.

Ni haki pia kusema yaliyoshindikana. Kampuni ya Inyenyeri, iliyoanzia Gisenyi, ilitengeneza punje za mti ulioshindiliwa na kuwapa watu majiko yenye feni yasiyotoa moshi. Ndugu zetu wa kambi ya Kigeme walizitumia, na waliotumia wanayasifu majiko yale hata leo. Lakini bei ya punje haikutosha kulipa gharama, na mwaka 2020 kampuni ilifunga kazi. Jiko zuri bila kuni zake ni chuma. Kwa hiyo shirika lolote likituletea kesho mashine yenye kung'aa, Kamati iulize kwanza nani atailisha baada ya miaka mitatu.

Na vibanzi navyo vina tabia zake. Katika mafiga matatu havifai kitu. Vinajazana, vinaziba hewa, moto unazimika na moshi unaongezeka. Kwa hiyo hatumwambii mama wa nyumbani akakate vibanzi. Vinataka wavu wa chuma chini yake ili hewa ipande, na jiko lililofungwa pembeni, kama yale majiko makubwa ya matofali ya shule yetu, ambayo nyavu zake zimeungua na hazijabadilishwa. Tena vibanzi vibichi visilundikwe. Lundo kubwa la vibanzi vyenye maji hupata joto lenyewe kwa ndani, kama lundo la mbolea, huota ukungu ambao vumbi lake ni baya kwa mapafu, na katika nchi zenye malundo makubwa mengine yamewaka moto bila kiberiti. Vitandazwe vyembamba, juu ya kichanja, chini ya paa.

Hapa nchini watu wa boila wanajua sehemu ya siri hii. Viwanda vya chai vya Rwanda hukausha majani kwa joto la boila za kuni, na vingi vina mashamba yao ya mikaratusi kwa kazi hiyo. Meneja wa kiwanda cha chai hawezi kutupia boila gogo bichi, kwa sababu mvuke ukishuka, chai ya siku nzima inaharibika. Maharagwe ya watoto yakichelewa, hakuna boksi la kusafirisha nje linalopotea, na pengine ndiyo sababu hakuna anayepima.

Mtu atasema: kwa nini kuzungumza kuni wakati ambapo gesi inakuja? Gesi tunaitaka, na pale Mahama familia nyingi zimeipikia. Lakini gesi hununuliwa kwa fedha, nayo posho tumeona inavyopanda na kushuka. Siku gesi inapokwisha na fedha hakuna, binti anatumwa mlimani kama jana. Tungependa siku hiyo ikifika, jiko la shule angalau lisimtume.

Basi tunaiomba Kamati ipeleke katika mazungumzo ya Septemba neno moja kuu: kuni zilipwe kwa ukavu wake. Hatuna mita ya joto kama ya Ufini, lakini hatuihitaji. Lori likifika, chukueni vipande vitatu, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. Ncha za kuni kavu zina nyufa, magome yanabanduka kwa mkono, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kama mti wa ngoma. Vibichi vinatoa sauti nzito, iliyokufa. Hayo ni ya kuanzia. Kwa mabishano kuna mizani. Pasueni kilo moja ya vibanzi kutoka vipande vile, vikaushwe karibu na jiko hadi uzito usipungue tena, mpime mara ya pili. Zikibaki gramu 600, gramu 400 zilikuwa maji, yaani asilimia 40, na muuzaji alipwe kwa kadiri hiyo. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita anaiweza, nasi tuko tayari watoto waifanye mbele ya muuzaji na mbele ya shirika.

Muuzaji atalalamika, hasa msimu wa mvua. Akilalamika, jibu liwe ni kibanda. Mabati na nguzo za kibanda kimoja cha kukaushia, chenye pande wazi upepo upite, ni gharama ya mara moja, na kuni za muhula ujao zikikaa humo zimepasuliwa wakati tunachoma za muhula huu, hakuna atakayebishana juu ya mvua. Kupasua ni kazi, na iwe ya kulipwa. Tunao vijana waliomaliza sekondari wanaokaa barazani. Waongezewe maranda na vipande vinavyotupwa na maseremala wetu hapa sokoni, ambavyo leo vinachomwa bure kando ya barabara. Nyavu za majiko zibadilishwe kwanza kabla ya yote, maana bila hizo tunayosema hayana faida.

Wazee wetu mnakumbuka Goma ya mwaka 1994, watu walivyokuwa wengi kuliko miti, na jinsi pembezoni mwa Hifadhi ya Virunga palivyokatwa kwa ajili ya kupikia tu, hata UNESCO ikaiandika hifadhi ile mwaka huo huo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wakati ule waliokata walikuwa wageni kwetu, na sisi wa Kivu tulilalamika. Leo wageni ni sisi, na milima ni ya watu hawa walioketi pamoja nasi.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tunaongeza ombi dogo. Katika ripoti zenu huandikwa kilo za kuni zilizogawiwa. Tunaomba pembeni yake iandikwe asilimia ya maji. Ni safu moja tu katika jedwali. Mtashangaa namna safu hiyo itakavyobadilisha mazungumzo yenu na wauzaji.

Mizani ya shule hupima hadi kilo 50. Lori la kuni linatazamiwa Jumatatu asubuhi, na wanafunzi wa darasa la sita wameruhusiwa kuwa hapo na madaftari yao kuanzia saa mbili. Mwenyekiti, tunawaalika wewe na wajumbe wako mje kuona, na mpishi mkuu amekubali kutupatia nafasi karibu na jiko la pili kwa kukaushia vibanzi vya majaribio.